The Men Who Would Be Kings: kitabu cha kanuni za vita vya mezani kikipimwa kwa vita vya Uhehe

Kitabu cha kanuni The Men Who Would Be Kings, kilichoandikwa na Daniel Mersey na kutolewa na Osprey mwaka 2016, kina kurasa 64 tu. Ndani yake mna kila kitu cha kupigania vita vya enzi ya ukoloni mezani kwa sanamu ndogo: amri, mwendo, kufyatua risasi, mapigano ya mkono kwa mkono, orodha za majeshi na michezo ya kuanzia. Wazulu wa 1879 wamo, Mahdiya wa Sudani wamo, Makaburu wamo. Hapa tunakipima kwa jambo moja: kinamfaa kiasi gani mchezaji anayetaka kuweka mezani vita vya Wajerumani na wenyeji wa Tanganyika, na hasa Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa lilipoivunja safu ya Emil von Zelewski karibu na Iringa.

Tumechagua Lugalo kwa sababu ndiyo inayofichua udhaifu wa kanuni za namna hii. Kanuni nyingi za vita vya kikoloni zimejengwa kwa picha moja: mstari mwembamba wa bunduki umesimama, na umati unaukimbilia. Lugalo haikuwa hivyo. Waliopanga, waliojificha, waliosubiri na waliochagua mahali walikuwa Wahehe. Kanuni ikishindwa kumpa mchezaji wa Wahehe nafasi ya kupanga na kusubiri, hata iwe rahisi namna gani, haifai kwa vita hii.

Tuanze na ubora wake, maana upo na ni mwingi.

Jeshi la kawaida lina pointi 24. Kikosi cha askari wa miguu waliofunzwa kina sanamu 12 na kinagharimu pointi 6. Kikosi cha wapiganaji ambao kitabu kinawaita wa kikabila kina sanamu 16 na kinagharimu pointi 3. Kati yao wapo wapiganaji wasio wa jeshi rasmi, kisha wapanda farasi na wenye mizinga. Unaweza kukiongezea kikosi ubora au kukipunguzia, na pointi zikapanda au kushuka. Kwa hesabu ya haraka, askari 48 wanakabiliana na wapiganaji 128. Mtu anayesoma kitabu kabla ya kununua sanamu aitazame hesabu hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua fedha na miezi ya kupaka rangi.

Moyo wa mchezo ni kiongozi wa kikosi. Kila kiongozi ana namba ya uongozi, na kikosi kikitakiwa kufanya jambo unarusha dadu mbili. Jumla ikifikia namba hiyo au kuipita, kikosi kinatii. Tofauti ya namba moja ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi: kiongozi wa 5+ anatiiwa mara 30 katika kila mirusho 36, wa 6+ mara 26, wa 7+ mara 21, na wa 8+ mara 15 tu. Ukiwa na viongozi wawili wa 8+ katikati ya mstari, jeshi lako lina tundu katikati.

Mwandishi ameweka mambo mawili yanayozuia dadu kuharibu jioni nzima. La kwanza, kila aina ya kikosi ina tendo lake la bure lisilohitaji jaribio, linalotokana na kile kikosi hicho kinachokijua zaidi. La pili, kikosi kimoja kikikataa amri, zamu yako haiishi. Unaendelea na vingine. Katika baadhi ya kanuni za ukoo huu ukishindwa jaribio la kwanza unakaa chini kumtazama mwenzako akicheza, na wageni wengi wa mchezo hukata tamaa hapo hapo. Kasoro hiyo hapa haimo.

Kinachofuata kwa uzuri ni hali ya kubanwa. Kikosi kilichopigwa risasi kinaweza kujikuta kimebanwa chini, hakisongi wala hakishambulii mpaka kijikusanye. Hii inafanana na jinsi watu walivyopigana kweli: risasi nyingi za enzi hizo hazikuua mtu, lakini zililaza kikosi kizima kwenye majani. Na kinga ina thamani. Kikosi kilicho vichakani kinahitaji kupigwa mara nyingi zaidi ili sanamu moja iondoke mezani.

Hapo ndipo meza nyingi zinapoharibika. Mchezaji anapanga meza ya futi 6 kwa 4 yenye vilima viwili na miti mitatu pembeni, kisha analaumu kanuni kwamba wenye mikuki hawafiki kamwe. Wanaanza mbali, wanabanwa zamu ya pili, wanajikusanya zamu ya tatu, wanabanwa tena. Kanuni inafanya kazi yake. Meza ndiyo tupu. Kwa vita vya nyanda za Iringa weka viraka vya vichaka, mawe, vichuguu na majani marefu visivyopungua kumi, na hakikisha kati ya kiraka na kiraka hakuna nafasi inayozidi mwendo wa zamu moja. Mwenye mikuki aweze kulala kila anapomaliza kusonga. Ukifanya hivyo tu, bila kugusa kanuni hata moja, mizani inarudi.

Sasa kasoro.

Kubwa kuliko zote ni lile fungu la kikabila. Wahehe, Wangoni, Wazulu na mkulima wa kusini aliyeshika upinde mwaka 1905 wote wanaangukia mle mle, na kinachowatofautisha ni pointi moja huku au kule. Lakini Uhehe wa Mkwawa ulikuwa dola. Baba yake, Munyigumba, alikwisha kuziunganisha himaya ndogo chini ya mamlaka moja, na jeshi lililosimama Lugalo lilikuwa limetoka kupigana na Wangoni kati ya 1878 na 1882, na majirani wengine kabla na baada ya hapo. Jeshi la namna hiyo lina nidhamu ya kukaa kimya kwenye majani huku adui akipita hatua chache mbele. Ukiacha namba za uongozi zitoke kwa dadu, kama kitabu kinavyoelekeza, unaweza kupata Wahehe wenye viongozi wa 8+ wanaokataa kuamka, na safu ya Zelewski yenye viongozi wa 5+ wanaogeuza askari kwa kufumba na kufumbua. Mchezo utakuwa halali, lakini hautakuwa Lugalo.

Tiba yake ni rahisi. Kwa vita yenye historia inayojulikana, usirushe dadu za uongozi. Wape Wahehe viongozi wawili wa 5+ na waliobaki 6+. Safu ya Wajerumani ipate 7+, isipokuwa kikosi cha nyuma kilichokuwa chini ya Luteni von Tettenborn, ambacho kilinusurika. Hicho kipe 6+. Sifa za viongozi ambazo kitabu kinazigawa kwa bahati nasibu ziache kabisa katika mchezo huu. Zinachangamsha meza pale viongozi ni wa kubuni, ila mtu aliyeishi ana sifa zake tayari.

Kasoro ya pili ni wapagazi. Hakuna vita ya bara la Afrika Mashariki iliyopiganwa bila wapagazi, kuanzia misafara ya miaka ya 1880 hadi kampeni ya 1914–1918, ambako kampuni moja ya Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, ilitembea na wabeba mizigo wengi kuliko askari wake. Katika kanuni hizi mpagazi ni pambo. Matokeo yake ni kwamba mchezaji wa safu ya kikoloni anasogea kama mtu asiye na mzigo, anageuka anapotaka na kukaa anapotaka. Ukiwaondoa wapagazi, umeondoa sababu nusu ya kushindwa kwa Zelewski.

Ya tatu inahusu moshi. Kitabu kinatenganisha bunduki za kisasa na za zamani, na hilo linatosha kwa masafa. Lakini Mauser ya 1871, iliyokuwa mikononi mwa askari wa Wajerumani kwa miaka mingi na bado ikatumiwa na kampuni kadhaa Tanga mwaka 1914, ilichoma baruti nyeusi na kutoa wingu zito jeupe. Kikosi kikipiga risasi kwa pamoja, weka pamba mbele yake. Mpaka mwanzo wa zamu yake ijayo, yeyote anayepiga kupitia pamba hiyo, kutoka upande wowote, anahesabu shabaha kuwa imo kwenye kinga. Kanuni hiyo ya mstari mmoja inamfundisha mchezaji wa askari kwamba kufyatua mapema, adui akiwa bado mbali, kuna gharama.

Namna ya kuiweka Lugalo mezani

Safu ya Zelewski: vikosi vinne vya askari 12, pointi 24 kamili. Kati ya kikosi na kikosi weka kundi la wapagazi 6 hadi 8, na katika kundi la pili weka punda wawili wenye mzinga uliofungwa vipande vipande. Mzinga huu hauna pointi na haupigi. Ni mzigo, na ni tuzo. Safu nzima ipangwe kwenye njia inayokata meza kwa urefu, sanamu mbili mbili, kikosi cha nyuma kikiwa bado hakijavuka ukingo.

Wahehe: vikosi vinane vya wenye mikuki, pointi 24. Wasiwekwe mezani. Mchezaji wao anachora nafasi zao kwenye karatasi, au anaweka alama 12 kwenye viraka vya vichaka, nane za kweli na nne tupu. Alama tupu ni muhimu. Bila hizo mchezaji wa safu anajua kila kiraka kina watu na anaelekeza bunduki zake huko kabla ya wakati.

Kila zamu safu inasonga mbele kwa mwendo wa kawaida bila jaribio. Mwisho wa kila zamu rusha dadu moja. Ikitoka 1, risasi imelia kabla ya wakati na Wahehe wote wanaamka hapo hapo, mtego uwe umefungwa au haujafungwa. Inasimuliwa kwamba siku ile afisa mmoja alifyatua ndege, na risasi hiyo ikachukuliwa kuwa ishara ya kuanza. Isipotoka 1, mchezaji wa Wahehe ndiye anayechagua: kuamka sasa, au kuiacha safu iingie zaidi na kukubali hatari ya zamu nyingine. Hapa ndipo penye utamu wote wa mchezo huu. Akiamka mapema, kikosi cha nyuma kinabaki nje na kinatoroka. Akichelewa, kikosi cha mbele kinaweza kupita mtego na kugeuka nyuma yake.

Wahehe wakiamka, vikosi vyao vyote vinashambulia bila jaribio kwa zamu hiyo moja. Askari hawana tendo la bure katika zamu hiyo. Kila kikosi lazima kifaulu jaribio ndipo kifyatue. Hii inatokana na jambo linalojulikana la Lugalo: askari wengi walipata muda wa risasi moja au mbili tu kabla ya mkuki kufika. Kundi la wapagazi likifikiwa na mtu yeyote, au kikosi cha jirani kikibanwa, wanatupa mizigo na kuondolewa mezani. Mizigo inabaki njiani na inahesabika kama kizuizi kwa kikosi chochote kinachotaka kupita.

Ushindi uhesabiwe kwa bunduki. Kila askari anayeondolewa katika mapigano ya mkono kwa mkono anawapa Wahehe pointi moja. Mzinga unatoa kumi. Safu inapata pointi moja kwa kila askari na mbili kwa kila Mzungu wa kikosi cha nyuma anayetoka ukingo alioingilia. Simamisheni mchezo mwisho wa zamu ya nane. Katika vita ya kweli Wazungu kumi waliuawa, Zelewski akiwa mmoja wao, pamoja na askari zaidi ya 200, na bunduki takribani 300 zikaenda Kalenga, ngome ya Mkwawa. Kwa hiyo msitarajie safu ishinde kwa kubaki uwanjani. Chezeni mara mbili, mkibadilishana pande, kisha linganisheni hesabu. Mchezo mmoja unachukua kama saa moja na nusu kwa watu wanaozijua kanuni, hivyo miwili inaenea jioni moja.

Anayetaka kuendelea na kampeni, bunduki zilizotekwa ziamue mchezo wa pili, kuanguka kwa Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Kila pointi 12 za bunduki za mchezo wa kwanza zigeuze kikosi kimoja cha mikuki kuwa kikosi chenye bunduki, kwa shabaha duni, na kila kikosi cha namna hiyo kifyatue mara nne tu katika mchezo mzima. Ukomo huo wa risasi ndio unaomlazimisha mchezaji afikiri ni wapi juu ya ukuta aziweke bunduki zake.

Sanamu 128, au nusu yake

Idadi ndiyo inayowarudisha nyuma wengi. Kwa kuwa kanuni inarusha dadu moja kwa kila sanamu, njia nafuu ni kuhesabu kila sanamu ya upande wa mikuki kuwa watu wawili: sanamu nane kwa kikosi, dadu mbili kwa kila moja, na kokoto ndogo ya kuonyesha sanamu iliyopungukiwa nusu. Utahitaji 64 tu. Meza inapungua uzito wa macho kidogo, lakini mchezo haubadiliki. Njia nyingine ni sanamu za milimita 15 na vipimo vyote kukatwa nusu. Hapo hata meza ya kulia chakula inatosha.

Kwa milimita 28, kampuni ya Foundry ina mfululizo wa Darkest Africa wa sanamu za madini, wenye askari, ruga-ruga, watu wa pwani na wapagazi, na ndio unaokaribia zaidi Tanganyika ya miaka ya 1880 na 1890. Perry na Warlord wana plastiki nyingi za Sudani na za Zulu, na hapo vishawishi ni vikubwa kwa sababu plastiki ni nafuu kwa idadi. Lakini Mzulu wa boksi si Mhehe. Ana mikia ya ng'ombe mikononi na miguuni, ngozi kiunoni, na wengine wana pete ya kichwani. Kwa Wangoni sanamu hizo zinakubalika kwa marekebisho machache, kwa kuwa asili yao ni kusini kule kule. Kwa Wahehe, kata mikia yote kwa kisu, laza alama kwa msasa laini, kisha funika kiuno na bega kwa kipande cha karatasi ya shashi kilicholowekwa kwenye gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kikikauka kinakuwa kitambaa. Kaniki na merikani zilikwisha kufika bara kwa misafara, kwa hiyo buluu iliyokolea na nyeupe iliyochakaa ndizo rangi za kuanzia.

Angalia pia mwaka wa askari. Sanamu nyingi zinazouzwa kama askari wa Wajerumani ni za 1914: khaki, tarbushi yenye kifuniko cha khaki na kitambaa cha shingoni, patisi (vitambaa vya kuzungushia miguu) za buluu. Jeshi la 1891 lilikuwa na Wasudani walioandikishwa Misri na vijana wa kutoka Msumbiji, na halikuwa limefikia usare huo wa baadaye.

Mikuki ya plastiki inavunjika kwenye kiganja cha mkono, na hakuna gundi inayoizuia isivunjike tena. Ing'oe yote kabla ya kupaka rangi. Toboa kiganja kwa keekee ndogo ya mkono na ingiza unywele mgumu wa ufagio wa plastiki. Unapinda na kurudi, wala hauchomi vidole kama waya. Kichwa cha mkuki kikate kwenye bati la kopo la rangi, umbo la jani, ukibandike kwa supagluu.

Ngozi ya mwili ndipo kazi nyingi za rangi zinapoharibika, na inastahili maneno mengi. Kosa la kwanza ni kuanza na nyeusi tupu. Sanamu inageuka kivuli, na uso unapotea mezani. Anza na undakoti ya kahawia iliyokolea. Juu yake paka kahawia ya chokoleti. Kwa watumiaji wa rangi za Vallejo ni namba 70.872, ukiitia 70.822 kidogo kwa wenye ngozi iliyokolea zaidi. Acha ikauke, kisha paka sehemu zinazopata jua, yaani paji la uso, mashavu, mabega na mgongo wa mikono, kwa rangi ile ile iliyoongezwa kahawia yenye wekundu, 70.984, sehemu moja kwa mbili, na mara ya pili moja kwa moja. Kosa la pili liko hapa: kung'arisha kwa kuongeza nyeupe au rangi ya ngozi ya Kizungu. Ngozi inakuwa ya majivu, kama ya mtu mgonjwa. Joto la rangi litoke kwenye wekundu, kamwe lisitoke kwenye nyeupe.

Kikosi cha watu 16 kiwe na michanganyiko mitatu tofauti angalau, maana hakuna watu 16 duniani wenye rangi moja. Viganja viwe vyepesi kidogo. Macho yasiwekwe weupe mkubwa, na midomo isipakwe nyekundu. Mambo hayo mawili yanamgeuza mpiganaji kuwa katuni ya magazeti ya zamani ya Ulaya, na ni aibu kuyaona mezani hata leo. Nukta ya rangi ya pembe ya ndovu, au kivuli cha jicho pekee, inatosha kwa umbali wa mkono. Mwisho, vanishi isiyong'aa kwa nguo na ngao, na vanishi ya mng'ao hafifu kwa ngozi, kwa brashi. Mwanga unapotua begani mwili unaonekana hai.

Kwa walio Dar es Salaam, Tanga au Mombasa: vanishi ya kupuliza ina hatari wakati wa masika. Unyevu wa hewa unaifanya ikauke na ukungu mweupe juu ya kazi ya mwezi mzima. Tumia ya brashi, au pulizia mchana mkavu baada ya kujaribu kwenye sanamu moja.

Vitako vya sanamu viwe vya MDF (ubao wa unga wa mbao), mviringo wa milimita 25. Majani makavu ya Agosti hayahitaji kununuliwa kwa bei ya nje: katani iliyokatwa urefu wa milimita sita hadi nane, ikafungwa vibunda na kuchovywa kwenye gundi, ni jani kamili la nyanda za juu. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanatoa vichaka. Kichuguu kinatengenezwa kwa unga wa mbao na gundi, kikapakwa rangi ya udongo mwekundu ule ule wa meza.

Kucheza peke yako

Kitabu kina sura ya mpinzani wa kujiendesha, Bwana Babbage, ambaye anaamua kwa dadu na majedwali adui atokee wapi na afanye nini. Kwa mchezaji asiye na mwenzake karibu, sura hii pekee inalipa bei ya kitabu. Inafanya kazi vizuri na inaleta mshtuko wa kweli. Tatizo ni kwamba inamfaa zaidi mchezaji anayeongoza wenye bunduki, huku wenyeji wakichomoza kutoka vichakani kwa bahati nasibu. Kwa Lugalo igeuze. Wewe uwe Wahehe, na safu ndiyo ijiendeshe: kila kikosi kilichoshambuliwa kirushe dadu moja, 1–2 kinasimama na kufyatua kwa adui wa karibu, 3–4 kinarudi nyuma kuelekea kikosi cha jirani, 5 kinajaribu kufika kwenye mzinga, 6 kinajikusanya. Kikosi cha nyuma kwenye 3 hadi 5 kinatoka mezani kwa njia kilichoingilia. Ukicheza hivyo, kila uamuzi wa maana unakuwa mikononi mwa Wahehe.

Pasipofaa

Tanga ya Novemba 1914, yenye maelfu ya wanajeshi kutoka India, ni kubwa mno kwa pointi 24. Chukua mtaa mmoja au sehemu ya reli, kampuni dhidi ya kampuni. Omdurman ya 1898, kule Sudani, iache. Hakuna mchezo katika bunduki za Maxim na boti zenye mizinga dhidi ya watu waliolala uwandani kwa maelfu bila kuufikia mstari. Kwa Majimaji, kushambuliwa kwa boma la Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, kunaweza kuchezwa kwa heshima, na imani ya maji iingie kama nguvu ya nidhamu: vikosi visibanwe mpaka vitakapopoteza sanamu ya nne. Kampeni ya baadaye ya kuchoma mashamba na maghala, iliyoleta njaa kusini nzima, haina nafasi mezani, na hakuna hali ya ushindi inayoweza kuandikwa kwa ajili yake.

Nani anunue? Mwenye sanamu 40 au 50 na jioni moja kwa wiki, anunue bila wasiwasi. Kanuni zinashikika baada ya michezo miwili. Anayetaka kila silaha na kila kabila liwe na ukurasa wake hataridhika, na afadhali atafute kitabu kinene zaidi. Kitabu ni cha Kiingereza. Kwa meza yenye wachezaji wageni, andika maagizo yote kwa Kiswahili kwenye karatasi moja ya A4, upande mmoja amri na namba zake, upande wa pili jedwali la kufyatua na la kujikusanya, uipitishe kwenye plastiki. Osprey wanauza pia nakala ya kielektroniki. Kwa aliye mbali na maduka ya Ulaya ndiyo ya kuchukua, kwa kuwa gharama ya usafirishaji wa kitabu chembamba kama hiki ni afadhali iende kwenye sanamu.